Ndinda Kaveke, Fundi Aliyekomesha Kuziba kwa Vyoo vya Kyeni

Baada ya kuitumikia Shule ya Wasichana ya Kyeni, hapa kwetu karibu na Ikutha, kwa miaka thelathini na mmoja, Bi. Ndinda Kaveke anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Wazazi wanamjua kama Mama Mutisya. Wanafunzi wanamwita Fundi. Sisi walimu humwita kwa jina lolote linalotujia kwanza, hasa choo cha wafanyakazi kikianza kujaa badala ya kushuka.

Hakuja Kyeni kama fundi. Aliajiriwa kufagia mabweni na kusafisha vyoo, wakati ambapo vyoo vya kuvuta maji vilikuwa vipya na shule nzima ilijivunia kuwa navyo. Majivuno hayo hayakumaliza muhula. Vyoo vilianza kuziba, mafundi wakaja kutoka mjini na waya wao mrefu, wakazibua, wakaondoka. Wiki iliyofuata wakaitwa tena. Aliyebaki na ndoo na fagio ni Ndinda. Siku moja aliingia katika ofisi ya mwalimu mkuu wa wakati ule bila kukaribishwa.

"Hawa wanazibua tu," alimwambia. "Hakuna anayeuliza kinaziba kwa nini. Nipelekeni nikasome, niulize mimi."

Mwalimu mkuu alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Muhula uliofuata Ndinda alikuwa katika chuo cha ufundi, mwanamke pekee darasani, akikata mabomba na wavulana wa umri wa mwanawe. Alirudi na cheti cha serikali, spana yake mwenyewe, na maswali.

Majibu aliyoyapata tunayajua wote kwa moyo, maana alituhubiria kama mchungaji. Karatasi ya daftari haiyeyuki majini, hata kama hesabu iliyoandikwa juu yake ilikuwa rahisi. Pedi hufura na kukwama kwenye kona ya bomba. Hakumgombeza msichana yeyote kwa hilo. Alidai kila choo kiwe na pipa lenye kifuniko, kisha kila Januari aliketi na Kidato cha Kwanza na kuzungumza nao kama shangazi. Maji yetu ya kisima yana chumvi, na chumvi ile ilikuwa imeziba vitundu vilivyo chini ya ukingo wa bakuli, hivyo maji yalidondoka badala ya kusukuma. Aliviloweka kwa siki, akavikwangua kimoja kimoja kwa waya uliopindwa. Na kile kikombe cha mpira chenye mpini, ambacho wengi wetu tulikigongagonga kama tunatwanga mahindi, alitufundisha kukikandamiza taratibu na kukivuta kwa nguvu. Kinachozibua ni ule mvuto.

Kuna kisa cha nyuki ambacho hataki nikisimulie. Choo cha walimu kilikuwa kikinguruma na kushusha maji kwa uvivu, ingawa bomba lilikuwa safi. Ndinda alieleza kwamba bomba la maji taka, kama mtu, haliwezi kumeza bila kupumua, akapanda juu ya paa kukagua bomba la hewa. Alishuka haraka kuliko alivyopanda. Nyuki walikuwa wamejenga humo. Mfugaji wa nyuki aliwahamisha kwa heshima zote, choo kikapona, na asali ile hakuna mwalimu aliyeiulizia.

Lakini kazi ambayo Kyeni haitaisahau ni ya bweni la Yatta. Miaka michache iliyopita, muhula wa tatu, vyoo vya bweni hilo viliziba, vikazibuliwa, vikaziba tena, hadi maji machafu yakafika mlangoni. Afisa wa afya ya umma alikuja, akaona, akasema waziwazi kwamba hali isipobadilika wiki hiyo bweni litafungwa. Waliolala Yatta walikuwa watahiniwa wa Kidato cha Nne. Baadhi yao walitoka mbali, hadi Kyuso, na mtihani ulikuwa umekaribia.

Kwenye gwaride naibu wa mwalimu mkuu, Bw. Mwau, alisema aliloamini: wasichana wamerudia kutupa pedi vyooni, na bweni zima litaadhibiwa. Wengine walianza kulia. Ndinda alitoka nyuma ya mstari wa wafanyakazi akiwa na buti zake za mpira.

"Mwalimu, hawa wamenitii," alisema. "Nimeingiza waya mara nyingi na sijatoa pedi. Kosa liko chini ya ardhi. Tuchimbe. Tukikuta pedi hata moja, nitaenda nyumbani kabla ya wasichana."

Kila mtu alijua kwamba mama huyu hasemi jambo kisha akalirudisha. Bw. Mwau alimtazama, akavua koti, akaomba sururu.

Shimo la kwanza, karibu na ukuta, halikuonyesha chochote. Bomba lilikuwa zima. Nakumbuka uso wa Ndinda pale. Ndiyo siku pekee niliyomwona na wasiwasi. Alizunguka bweni polepole akitazama chini, akafika mahali ambapo lori la maji hupita likienda kwenye matangi. Hapo udongo ulikuwa umebonyea. Akasema tuchimbe papo hapo.

Bomba lilikuwa limelala kama kamba iliyolegea. Uzito wa lori ulikuwa umelididimiza, na kila kilichoshuka kutoka bwenini kilifika pale kikatulia badala ya kuendelea. Pedi haikuwamo. Bw. Mwau ndiye aliyelisema kwa sauti, akiwa ndani ya mtaro, matope hadi magotini, ili wasichana waliokuwa madirishani wasikie. Kisha akawaomba msamaha, na kesho yake kwenye gwaride akawaomba tena.

Ndinda aliweka bomba jipya, akalilaza kwa mteremko aliousawazisha kwa pimamaji, akaujaza mtaro kokoto, akaamuru njia ya lori ihamishwe. Jioni alipomaliza, vyoo vyote vya Yatta vilivutwa kwa pamoja. Tulisimama kwenye chemba, lile shimo lenye mfuniko, tukasikia maji yakija na kupita bila kusita. Wasichana walipiga vigelegele kama kuna arusi. Hakuna mtahiniwa aliyerudi nyumbani, na tangu hapo bweni hilo halijaziba.

Bomba la maji limefika kijijini kwa Bi. Ndinda mwaka huu tu. Miaka yote aliyotutengenezea vyoo, kwake alitumia choo cha shimo. Kwa hiyo wafanyakazi tuliungana kumnunulia bakuli jipya la choo, jeupe, tukalifunga utepe. Alilipokea kwa machozi, akaligonga kwa kidole, akasikiliza, akagundua ufa. Siku iliyofuata alilirudisha dukani mwenyewe na kuchagua lingine.

Mama Mutisya, Kyeni inakushukuru. Maji yako yasikatike, ndengu zako zizae, na uketi kwako kwa amani, mlango umefungwa, bila mtu wa kukuita nje.

Bilal Amin,
Mwalimu wa Kiswahili