Kengele ya Watu Kumi na Wanane

Kijiwe cha Mama Selina kiko kando ya barabara ya Karatu inayopanda kwenda geti la Ngorongoro, na kina mabenchi mawili: moja la wanaojua, jingine la wanaojua zaidi. Asiyejua hunywa kahawa yake amesimama. Asubuhi hiyo wote waliokaa waligeukia upande mmoja, wakiitazama kreni ya njano iliyoegeshwa uwanja wa kanisa. Wajenzi wa hoteli wameiazimisha parokia kwa siku moja, ipandishe kengele kwenye mnara mpya. Aliyeipa mgongo ni mmoja tu, Mzee Felisiani, ambaye mji mzima unamwita Mzee Vuta.

Tangu ujana wake, kitu kizito kikigoma aliitwa yeye. Si kwamba alikuwa na nguvu kushinda wengine. Kazi yake ilikuwa kuimba: yeye anaanzisha, watu wanaitikia, na kwenye kiitikio wote wanavuta kamba kwa pamoja. Ameimbia malori kwenye tope la Rhotia, ameimbia kenchi za paa la shule, akaimbia na kengele hiyohiyo ilipopandishwa juu ya magogo miaka ile. Safari hii kamati ya ujenzi haikumpa hata salamu. Ilimuuma, na wala hakuficha.

— Ule mkono unarefuka wenyewe, alisema Gideon, aitwaye Injinia kwa sababu aliwahi kubeba zege kwenye ujenzi wa uwanja wa ndege. Unabonyeza tu. Dakika tano kengele iko juu, padri anabariki, tunakwenda kula.

— Na ng'ombe inainua? aliuliza Sitonik, mfanyabiashara wa mifugo aliyeshuka kutoka Arash kwa ajili ya mnada.

— Ng'ombe kwake ni kitu? Inainua lori likiwa na ng'ombe ndani.

Mwaka jana fahali wa Sitonik alitumbukia korongoni, wakamvuta kutwa nzima, wakaishia kumchinja hukohuko.

— Basi ingekuja kwetu kwanza, kengele ingesubiri.

— Ingefikaje, rafiki yangu? Inataka njia nzuri. Inataka ardhi ngumu. Inatoa miguu minne, kila mguu unawekewa ubao chini. Ardhi ikititia, inalala chali. Na upepo inauogopa. Na dizeli inakunywa kuliko basi la Arusha.

— Kwa hiyo kwenye tope haisimami.

— Haisimami.

— Sisi tulisimama, alisema Mzee Vuta, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu akae.

Mama Selina akamwongezea kahawa bila kuombwa.

— Zama zimebadilika, mzee wangu, Injinia aliendelea. Hii ukiisimika ukingoni mwa kreta, watalii hawana haja ya kushuka na magari. Unawaweka kwenye kikapu, unawateremsha mpaka kwa faru, wanapiga picha, unawapandisha. Vumbi hakuna.

— Na simba akikiona kikapu? aliuliza Mama Selina.

— Unakiinua kidogo.

— Mimi ningeiweka kileleni, alisema Sitonik, ikamate haya mawingu yanayoishia kwenye msitu wenu, iyahamishie Arash. Ninyi mvua inawatosha.

— Wingu halina pa kufunga cheni, Injinia alijibu kitaalamu. Labda la alfajiri, lile zito.

— La alfajiri ndilo ninalolitaka.

Mzee Vuta aligeuka hatimaye akaitazama. Alitaka aichukie, lakini macho yakavutwa na ndoano, kubwa kama kichwa cha ndama. Hakuna mtu atakayechubuka viganja leo. Mwaka ule wa magogo mvutaji mwenzao Fabian alivunjika vidole vya mguu, akachechemea mpaka Pasaka.

— Sasa hiyo anaiimbia nani? aliuliza.

— Haiimbiwi, mzee. Haina masikio.

Mabenchi yakacheka. Mzee Vuta akacheka nao kidogo, kisha akainamia kikombe chake.

Ndipo akaja binti wa ovaroli, kofia ngumu kwapani, buti zimejaa udongo mwekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akaomba kahawa, akainywa amesimama. Injinia akaanza kumweleza kreni inavyofanya kazi, naye akasikiliza kwa adabu hadi mwisho. Alipomaliza, binti akasema anaitwa Anneth, katokea Moshi, na ndiye anayeiendesha. Injinia akapaliwa na kahawa.

— Nina swali dogo, wazee, alisema Anneth. Padri nimemuuliza, hajui. Kamati hawajui. Kengele ina kilo ngapi?

— Ni nzito, alisema Injinia.

— Nzito kiasi gani? Mkono lazima uvuke paa lote, na kadiri unavyokwenda mbali ndivyo nguvu inavyopungua. Nikikosea, kengele inabaki chini, ninayepinduka ni mimi. Kwenye shaba yenyewe kumeandikwa jina la mtakatifu na mwaka, basi. Bila uzito siinui, na jioni hoteli wanataka kreni yao.

— Watu kumi na wanane, alisema Mzee Vuta.

Wote wakamgeukia.

— Kamba moja, imepita kwenye kapi moja juu ya gogo. Kumi na saba hawakuiweza, ikagoma kabisa. Tukamwita katekista, akavua kanzu, akashika kamba, ikapanda.

Anneth hakucheka. Alitoa kalamu, akaandika kumi na nane kiganjani.

— Vizuri sana, babu. Na mtu mmoja anavuta kilo ngapi?

Sitonik aliitazama mikono yake. Mama Selina aliinamisha birika juu ya kikombe cha mzee, likatoa tone moja, na kahawa ikawa imeisha.

Mzee Vuta alifikiri sana. Ni swali ambalo hakuwahi kuulizwa.

— Inategemea, alisema. Nani anaimba.

Anneth akavaa kofia yake.

— Nina mizani ya kupimia magunia garini, inaishia kilo mia. Tutaifunga kwenye kamba, huyu Injinia avute, wewe uimbe, mimi nisome. Halafu nitazidisha mara kumi na nane, niongeze na kiasi cha usalama.

Mzee Vuta alimrudishia Mama Selina kikombe, akasimama. Kabla hajavuka hata barabara, alikuwa ameshaanza kusafisha koo.