Kaka Yetu Bado, na Gari Alilolijenga Mara Mbili

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake wa tumbo moja, na ndiye anayeusoma. Marehemu aliagiza mambo mawili: usipambwe, na usikatwe. Basi mtuvumilie.

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 11 Mei 1964, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yao alikuwa fundi wa breki za mabehewa. Mzee yule aliweza kukusamehe wizi, uongo hata kiburi, lakini uzembe hakuusamehe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1971 hadi 1978, kisha sekondari hadi 1982. Akiwa darasa la sita aliifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, kila skrubu akaitia kwenye kiberiti chake na kukiandika namba. Alipoirudisha ilitembea vizuri, ila ikawa inachelewa dakika nne, na shule nzima ikachelewa nayo kwa muhula mzima. Siku hiyohiyo alipigwa viboko na kupewa cheo cha kutunza stoo.

Cheo hicho kilimganda. Mwaka 1986 aliajiriwa kuwa mtunza bohari wa kiwanda cha sabuni, akadumu hapo miaka thelathini na mitatu. Akikuambia kitu kiko rafu ya saba, huna haja ya kutazama ya nane.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 1993 na shemeji yetu, nesi wa wodi ya wazazi. Mwaka wa pili wa ndoa shemeji alikuta giaboksi chini ya kitanda, imefunikwa shuka lake zuri. Akasema ama giaboksi itoke ama atoke yeye. Marehemu akaomba muda wa kufikiria, na shemeji anaapa mpaka leo kwamba hakuwa anatania.

Gari lenyewe lilikuja mwaka 2004: pikapu kuukuu ya kupanda milima, nyasi zimeota hadi kwenye injini. Kila Jumamosi wanaume wanne walikutana uani kulifufua: marehemu, mwalimu wa hesabu, fundi cherehani aliyeshona viti vyote, na mdogo wake, ambaye alikuwa dereva wa mabasi. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyekuwa na haraka. Ukiuliza limekwisha, marehemu anajibu, "Bado." Ndipo jina likamkaa.

Walikuwa na sheria moja. Nati ikishakazwa mara ya mwisho, aliyeikaza anaipiga mstari wa rangi nyeupe. Ukiuona mstari, huigusi tena. Sheria aliitunga marehemu, na alikuwa mkali kwayo kuliko baba.

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 17 Agosti 2013, gari lilikuwa litoke kwa mara ya kwanza. Marehemu alikuwa chini yake, anamalizia fimbo za usukani, vile vyuma vinavyouunganisha na magurudumu. Nati alikuwa amezishika kwa vidole tu. Akaona rangi nyeupe inamkaukia kwenye kifuniko cha kopo, akazipiga nati mistari kabla haijaharibika, ili azikaze baadaye. Hapo akaitwa kwenye picha ya pamoja. Aliporudi akainama, akaona mistari myeupe, akafuta mikono. Akampa mdogo wake ufunguo.

Kwenye mteremko wa machimbo ya kokoto usukani ulizunguka bure. Gari likaangukia korongoni. Mdogo wake alivunjika nyonga na mguu wa kushoto, akalala hospitali wiki kumi na moja. Alisema usukani ulikataa. Nani angemsikiliza? Wote walikuwa wameiona mistari kwa macho yao. Ikaonekana alikwenda kasi, na kampuni ya mabasi ikamwachisha kazi. Baba akasema mbele ya wageni kwamba mtoto huyu ni wake, ila yeye asingempa hata toroli. Baba alifariki mwaka 2017, na neno lile hakulirudisha.

Marehemu ndiye aliyelivuta gari na kulifungua, peke yake. Upande mmoja nati haikuwepo. Upande wa pili ilikuwepo, na mstari wake, ikazunguka kwa vidole. Alijua siku hiyohiyo, akanyamaza.

Akaanza kulijenga upya. Miaka kumi na moja! Alikaza, akafungua, akakaza tena. Sisi tulicheka na kusema Bado kazidi. Kumbe alikuwa hathubutu kulimaliza, maana likimalizika mtu atalipanda.

Juni 2024 madaktari waliona saratani ya kongosho. Jumatano, tarehe 15 Januari 2025, saa tisa mchana, alimwomba shemeji atoke kidogo, akamwambia mdogo wake, "Hukwenda kasi. Mimi ndiye sikuzikaza nati. Nilijua tangu siku ile."

Mdogo wake akauliza, "Na baba?"

"Nilitaka kumwambia. Nikaogopa."

Mdogo wake alichukua fimbo yake ya kutembelea akaondoka. Hakurudi kwa siku tisa. Shemeji alipiga simu, mwalimu akaja hadi mlangoni, na wote wakafokewa. Siku ya kumi alirudi, wala hakujua amefuata nini. Marehemu alikuwa amebaki mifupa na macho. Akasema yaandikwe yote, yasomwe makaburini, mbele ya kila aliyekuwepo siku ile. Mdogo wake akajibu, "Kusoma nitasoma. Kusamehe usiniulize leo." Marehemu akasema leo anaomba kusomewa tu. Wakakaa hivyo mpaka jioni, mmoja akimshikia mwenzake kikombe cha maji.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa moja asubuhi, akiwa na miaka sitini. Mdogo wake alikuwepo. Hasira haijamwisha, na kufiwa na kaka yake kunamuuma vibaya sana. Vyote viwili ni vya kweli, na vyote amekuja navyo hapa.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na marafiki wawili wa Jumamosi ambao wanalisikia jambo hili kwa mara ya kwanza, nao wasijilaumu. Ameacha pia mdogo wake, dereva, ambaye siku ile alikuwa anakwenda taratibu.

Mungu ampe kaka yetu pumziko la amani.