Makaa Chini ya Gari la Kijivu

Kijiwe chao ni ubao uliolazwa juu ya bomba la maji ya moto, nyuma ya tanuri linalopasha joto nyumba zote za kijiji. Yakutia nzima, huko Siberia, usitafute benchi jingine la nje ambalo mtu atakalia Januari bila makalio kugandia hapo hapo. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa hamsini na nne chini ya sifuri, na ukungu wa barafu ulikuwa mzito: unanyoosha mkono, kiganja hukioni. Okdos alikaa katikati ya wazee wawili, blanketi la ngozi ya sungura mapajani. Saa sita mchana binti yake Kunnei angeruhusiwa kutoka hospitali ya wilaya na kichanga cha siku nne, na gari la kuwafuata, la Suodor aitwaye Rejeta, lilikuwa limezimika. Basi wakasukuma karai la makaa chini yake kwa koleo, wakalifunika gari kwa blanketi la manyoya mpaka chini, wakarudi kwenye bomba kunywa chai ya maziwa na kungoja.

— Gari huwashwa Oktoba likazimwa Aprili, — alisema Okdos. — We Rejeta umelizima kwa akili ya nani?

— Sijalizima, Mama Kunnei! Nimeingia kwa mtu wa tanuri mara moja tu. Kutoka, napapasa kwenye ukungu, nalikuta limekaa kimya, mlango umeganda. Limejizima.

— Lina mikono?

— Limenuna. Jana Dyogor alilisifu mbele za watu.

Dyogor, ambaye wanamwita Kipimajoto, akatema mate pembeni. Yakalia tak kabla ya kufika chini.

— Hamsini na nne na nusu, — akatangaza. — Si sifa hizo. Ni Fahali wa Baridi, yule anayetuletea majira haya. Kapita alfajiri, pembe ikagusa tangi.

— Mwaka juzi ulisema fahali huyo huyo kala betri yako.

— Aliilamba tu.

Rejeta akapenyeza mkono kwenye furushi la Okdos, akachomoa chapati ya maji.

— Rudisha! Hizo za mzazi.

— Naupelekea moto, mama. Moto usipolishwa haufanyi kazi.

— Umeshaupelekea tatu. Mbona siagi iko kwenye masharubu yako?

Rejeta akajifuta. Siagi ilikuwa imeshaganda, ikatoka na unywele. Kipimajoto alicheka mpaka chai ikamwagika.

— Mimi nimegundua kitu, — akasema akijipangusa. — Baridi inapenda magari ya kijivu. Inadhani ni farasi. Usiku inayapanda, inazunguka nayo mtoni, asubuhi yako hoi.

— Na lako la bluu?

— Lile linapandwa na mke wangu. Baridi yenyewe inamwogopa.

Okdos hakucheka. Alichungulia saa ndani ya glavu: saa nne kasorobo. Njia ni saa mbili, barafu ya mtoni ikiwa na adabu. Kitanda cha Kunnei kilikuwa kimeshaahidiwa mzazi mwingine. Wakichelewa angekaa koridoni na mtoto, kila mlango ukifunguliwa unamtemea baridi.

— Nyie wazee, — alisema, — hebu mmoja aende akaangalie.

— Ukifunua blanketi joto linatoka, — wakajibu wote wawili, wala hawakuinuka.

Hapo ukungu ukamtoa Lasari, jirani, aliyerudi jana kutoka kwa farasi wake. Kope zake nyeupe pe.

— Habari za asubuhi. Nani kaweka moto chini ya gari langu?

— Lako?

— Langu, la kijivu. Injini niliitoa Oktoba, iko jikoni, mke wangu anaizunguka kila akipika. Sasa mnapasha moto nini?

Kipimajoto akatazama pembeni kama anayetaka kutema, akameza. Rejeta akachungulia kikombe chake, kilikuwa kitupu. Feni ya tanuri ikanyamaza kidogo, na hatua ishirini ndani ya ukungu wakasikia gari la Rejeta linanguruma taratibu, du-du-du, kama lilivyonguruma tangu Oktoba.

Okdos akakusanya furushi na blanketi lake la sungura.

— Rejeta, twende. Wewe Dyogor baki hapo na karai lako. Mtoto akikua akauliza siku hiyo babu zake walikuwa wapi, nitamwambia walikuwa wanaulisha moto chapati za mama yake, wakipasha gari lisilo na injini.

— Mama Kunnei, si lazima umwambie, — alisema Rejeta nyuma yake, akipapasa ukungu.

— Nitamwambia leo hii, njiani. Na mkono wako usiupeleke kulia tena, hicho unachopapasa ni choo.