Gari Tatu za Kwenda Bujonde

"Kamati Ndogo ya Usafiri, Harusi ya Sedekia: Kikao cha Nne cha Dharura Kuhusu Nani Asipande na Nani." Ndivyo karatasi ilivyoandikwa juu, na mhuri wa ushirika wa mpunga ukagongwa pembeni, maana Gwamaka, mwenyekiti, haamini karatasi isiyo na mhuri. Kikao kilikaa saa mbili asubuhi kwenye benchi la kahawa la Ikupa, pale Ipinda. Gari aina ya Noah zilikuwa tatu, safari saa nne, na ugomvi ulizidi viti. Ikupa alimimina kahawa huku roho ikiwa kwenye simu. Alikuwa akisomea kutengeneza programu za kompyuta, kwa masafa, na somo la hisabati za nukta na mistari lilikwisha kumwangusha mara moja. Mwalimu alitaka, kabla ya saa sita mchana huo, tatizo la kweli la nyumbani kwao, lililotatuliwa. Akifeli tena, anarudia mwaka.

— Mzee Abrahamu na mdogo wake Hebroni hawasemezani tangu wagombanie lile turubai la kuanikia kakao, Gwamaka alisoma. Halafu Asifiwe ameolewa na mtoto wa Abrahamu. Kwa mila yetu mkamwana haonani na baba mkwe, sembuse kubanana naye kiti cha nyuma!

— Na Hebroni naye ni baba mkwe wake, si ndugu hao? alisema Asajile, fundi simu, aitwaye Intaneti kwa kuwa anajua kila kitu na hukatika katikati.

— Basi tufunge pazia, kama kwenye chumba cha kupigia kura.

— Pazia! Mzee akikohoa je? Bora avae kofia ya pikipiki, ile ya kioo cheusi, na kiti tukigeuze atazame nyuma.

— Mzee wa kanisa huyo, Intaneti! Watu watadhani tumemteka.

— Mnafikiria mambo madogo madogo, aliingilia Eliud, aitwaye Kwacha, mfanyabiashara wa Njisi, mpakani na Malawi, mwenye shemeji kila upande. Abrahamu avuke, agongewe mhuri Malawi, azunguke, arudi. Mkwe yuko Tanzania, baba mkwe yuko nje ya nchi. Nani atasema wamekutana?

— Mhuri, alisema Gwamaka, akianza kulainika.

Ikupa akaweka birika chini.

— Baba, niazime hiyo karatasi. Na peni zako.

Gwamaka hutembea na peni tatu mfukoni: nyeusi, bluu na nyekundu. Ikupa aliigeuza karatasi, akampa kila aliyetajwa humo nukta yake, wanaokwepana akawaunga kwa mstari.

— Oneni. Abrahamu, Hebroni, Asifiwe: kila mmoja anawakwepa wenzake wote wawili. Kwa hiyo gari mbili hazitoshi, hata mgonge mihuri kumi. Sasa kila gari ina rangi yake. Nukta mbili zenye mstari kati yao zisipate rangi moja. Basi.

Alipaka, akakata, akapaka tena. Nukta kumi na saba, rangi tatu, hakuna aliyegongana na adui yake.

— Kumbe ugomvi ni hesabu! alisema Intaneti. Basi hata bunge lingepakwa ra...

Akakatika. Mbele ya benchi alisimama Sedekia, suti mpya, ua kifuani.

— Ndaga, wazee, aliwaamkia. Mimi napanda gari gani?

Gwamaka aliangalia karatasi mbele, akaangalia nyuma. Kwacha akapuliza kahawa iliyokwisha poa.

Ikupa alizitazama upya nukta zake. Alianza na ugomvi, hakuanza na watu! Sedekia hajagombana na mtu tangu azaliwe; hakuwa na mstari hata mmoja, na vikao vinne havikumkumbuka. Akamchorea nukta yake peke yake, pembeni, kisha akaanza kucheka mpaka akashika benchi.

— Huyu hana mstari, anapata rangi yoyote. Apande anayotaka!

— Zimejaa, watu na mizigo ya zawadi, alisema Kwacha.

Gari ziliondoka saa nne na robo. Bwana harusi alikwenda Bujonde kwenye gari ya bluu, akiwa amepakatwa na Mzee Hebroni. Ikupa alituma kazi saa tano na dakika arobaini, ikiwa na nukta kumi na nane, akafaulu.