Osward Mbonile na Kwaya Mbili za "Sauti ya Mbali"

Marehemu Osward Mbonile alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Hasamba, wilayani Mbozi. Mama yake, marehemu Ruti, alikuwa akisema mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa.

Alimaliza darasa la saba hapo hapo Hasamba mwaka 1972. Siku darasa lao lilipopelekwa Ndolezi kuona kimondo, wenzake walikipanda. Yeye alikigonga kwa jiwe, akatega sikio. Mwalimu alimkaripia. "Lakini kinalia, mwalimu," alijibu.

Mwaka 1986 alihamia Tunduma na kufungua kibanda cha kutengeneza redio karibu na mpaka. Jioni alifundisha kwaya kanisani. Agosti 1989 redio ilieleza kuwa chombo cha angani kimepita sayari ya Neptuni, na kwamba sauti yake inachukua saa nne kufika duniani. Osward aliiacha redio ya mteja imefunguliwa tumbo, akaanza kutunga "Sauti ya Mbali": kwaya moja iulize ndani ya kanisa, nyingine ijibu kutoka nje kwa kuchelewa, wakati wale wa ndani wameshasonga mbele.

"Mbonile, hicho chombo kinampeleka nani mbinguni?" aliuliza Mzee Efraimu, kiongozi wa kanisa.

"Hakimpeleki mtu, Mzee. Kinaimba tu kikienda."

Tarehe 16 Julai 1988 alikuwa amefunga ndoa na Nesta, binti wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Shemeji yake, Kefa, aliongoza kwaya huko, na hiyo ndiyo ikawa kwaya ya nje. Baada ya miaka ya kuomba, wazee walimpa nafasi moja: Jumatatu ya Pasaka, 1999, saa nane mchana. Osward, aliyevuka mpaka kila wiki, akasahau kusema saa nane ya upande gani. Nakonde walifika kwa saa yao, iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja. Huku ilikuwa saa tisa, na kanisa limefungwa.

"Umeipigia hesabu sauti ya Neptuni," Nesta alimwambia, "Nakonde hapo ikakushinda!"

Alicheka naye, lakini wazee hawakumpa nafasi nyingine, na tangu hapo hakutulia. Aliinuka katikati ya chakula, akaimba sehemu ya kwanza, akakimbilia mlangoni kuimba ya pili. Kila mwaka aliubadilisha mwisho.

Mwaka 2013 alipatikana na saratani ya koo. Sauti ilipokatika, alimfundisha binti yake Yunisi kwa kugonga meza. Kefa alipoomba waje kumwimbia uani, alikataa kwa kichwa: mwisho ulikuwa bado. Wiki yake ya mwisho aligonga mwisho mwingine kabisa, ambamo kwaya ya nje hainyamazi, inaondoka ikiimba. Yunisi alipomuuliza kama ndio wenyewe, alikuwa amelala. Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 9 Mei 2015.

Leo, tunapomzika, Mzee Efraimu ameruhusu wimbo uimbwe. Kwaya ya Nakonde imesimama kule barabarani, nayo itaimba ikielekea mpakani. Kama huo ndio mwisho alioutaka, hatujui.

Ameacha mjane, Nesta. Watoto wawili, Yunisi na Judith. Dada yake, Fides. Na shemeji yake, Kefa.

Mungu ampe Osward lile pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa.