Viola Aoko na Dola Zilizokataa Kungoja

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya fedha ya kiwanda chetu cha makadamia hapa Thika, Bi. Viola Aoko anastaafu tarehe 28 Novemba 2025. Waliotaka aondoke mapema watatusamehe: hakuondoka.

Alianza kama karani, mgeni kutoka Siaya, akapanga Kiganjo na hajahama mtaa huo hadi leo. Mvua ikinyesha alikuja kazini na gambuti, viatu vya ofisi vikiwa kwenye mfuko. Siku moja wageni wa benki walifika kabla hajabadilisha. Aliwaendeshea mkutano mzima na gambuti zake zenye tope, na hakuomba radhi. Wakati huo alikuwa tayari mhasibu mkuu.

Lakini sisi tutamkumbuka kwa Januari ya 2024. Dola ilikuwa karibu shilingi mia moja na sitini. Makadamia zetu huuzwa ng'ambo kwa dola, na mkurugenzi wetu, Bwana Kang'ethe, alitaka dola zote zikae bila kuguswa. Wabanguaji wangerudishwa nyumbani kwanza, kwa kuwa shilingi za mishahara zisingekuwepo, halafu kiwanda kikope benki kinunue ploti kule Kamakis.

"Dola itafika mia mbili, Madam," alisema mbele yetu sote. "Na ploti haijawahi kushuka bei."

"Basi mimi siweki sahihi kwenye mkopo huo," Viola akajibu. "Serikali inalipa karibu asilimia kumi na sita kwa bondi za muda mfupi, na pesa yako haipotei. Wenye dola wataziuza wapate shilingi za kununua hizo bondi, na shilingi itapanda, dola ishuke. Na hiyo ploti, nani atailipia bei hiyo wakati anaweza kukaa tu akalipwa riba?"

Alitishiwa kazi. Akasema barua ya kumfukuza iandikwe, ataisoma mwenyewe mbele ya wabanguaji.  Wiki hiyo yote, kila asubuhi tulimkuta mezani pake.

Barua haikuandikwa, na bila sahihi yake benki isingekopesha. Dola ziliuzwa, mishahara ikalipwa, na salio likaingia kwenye bondi. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu mia moja na thelathini, na mwenye ploti alikuwa akitupigia simu, kila mara na bei ya chini zaidi. Viola hakumcheka mtu.

Wapo wanaosema ni mkaidi tu. Mkaidi ni kweli, lakini "tu" hiyo waiondoe. Mwaka huu riba za bondi ziliposhuka hadi karibu nusu, ni yeye aliyeingia kwa Bwana Kang'ethe kumwambia anunue haraka ghala moja lililokuwa likiuzwa Ruiru, kabla watu hawajaanza kuhamishia pesa zao kwenye majengo na bei kupanda. Safari hii mkurugenzi ndiye aliyesitasita! Ghala tulilinunua, na sasa limejaa hadi mlangoni.

Aliombwa aongeze mkataba wa miaka miwili. Alikataa. "Tafuteni mwingine wa kuwagombeza," alisema, akacheka mpaka akashika meza.

Akina mama wanaobangua wameniomba niandike kwamba walijua alichowafanyia, ingawa yeye hakuwahi kuwaambia.

Erokamano, yaani asante kwa lugha ya kwenu, Madam Viola. Pumzika vizuri, uishi miaka mingi yenye afya, na huko uendako usimnyamazie mtu.