Punje Arobaini na Moja za Mwalimu Tulinagwe

Wasikilizaji wapendwa, kama sufuria iko jikoni, punguza moto kidogo ukae nasi. Jioni hii tunamkumbuka Mwalimu Tulinagwe Kibona, mzaliwa wa milima ya Ileje, mwalimu wa michezo hapa Tunduma. Alikuwa na miaka thelathini na nne. Ameuawa kwa mawe. Narudia, ameuawa kwa mawe, maana huko mtaani wapo wanaosema alianguka.

Mwalimu alifundisha besiboli. Kwa asiyeujua mchezo huu, mpira wake ni mdogo na mgumu. Mmoja anaurusha, mwingine anausubiri na gongo aupige. Mrushaji ndiye roho ya timu. Anarusha kwa nguvu zake zote, tena na tena, na mkono wenyewe ni wa mtoto, mifupa haijakomaa.

Hilo Tulinagwe alilijua kwa uchungu. Miaka tisa iliyopita, mrushaji wake wa kwanza alikuwa Amoni, mdogo wake wa tumbo moja, miaka kumi na tano. Siku hiyo zilichezwa mechi mbili. Amoni alirusha mara mia moja na arobaini. Dada yake, Tulinagwe mwenyewe, alikuwa pembeni anapiga makofi, anamwambia ongeza. Mpira wa mwisho haukufika. Kiwiko kilikatika kwa sauti, kama muwa unaovunjwa gotini. Amoni akabingirika vumbini, mkono umegeukia nyuma, anatapika kwa maumivu.

"Dada hakuniumiza kwa ubaya, hakujua," Amoni alituambia msibani. "Lakini mpaka leo sinawi uso kwa mkono huu. Nikisalimia wazee natoa wa kushoto, wananiona sikulelewa."

Tangu siku ile, sheria ya Tulinagwe ikawa sitini. Kabla ya mechi alihesabu punje sitini za mahindi, akazitia mfuko wa kushoto wa koti lake la kijivu. Mpira mmoja ukirushwa, punje moja inahamia mfuko wa kulia. Punje zikiisha, mrushaji anatoka, hata kama mnashinda. Mji mzima ulijua. Vijana wa pembeni walimtania, "Mama Punje, leo umebeba gunia?" Naye anawajibu, "Njoo unisaidie kuhesabu, kama ulifika darasa la pili."

Sasa tufike Jumamosi ya wiki iliyopita. Timu yake ilicheza na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, wa Nakonde. Uwanja ulifurika. Mrushaji alikuwa Danford, miaka kumi na sita, mtoto wa Mama Marita anayelima ulezi nje kidogo ya mji. Danford alikuwa anawaka siku hiyo. Tulikuwa tunaongoza. Punje zilizohama zilikuwa kumi na tisa. Sikilizeni vizuri, kumi na tisa tu.

Danford akaja kunywa maji. Mwalimu akampa chupa, mtoto akaipokea kwa mkono wa kushoto. Mwalimu akautazama ule wa kulia. Kucha zilikuwa nyeusi kwa udongo. Irene, mdakaji wa timu, alikuwa amesimama karibu, na haya ndiyo aliyoyasikia.

"Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Shamba, Madam. Kuamia ndege."

"Unawafukuza na nini?"

"Madongo. Mwaka huu ni wengi mno, Madam, usipotupa wanamaliza ulezi wote."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Mpaka saa nne."

Mwalimu akakishika kiwiko. Kilikuwa cha moto kama kiazi kilichotolewa jivuni. Irene anasema Mwalimu alisema taratibu, kama anayejisemea, "Miaka tisa nahesabu mipira ya hapa. Ya shambani sikuwahi kuuliza."

Akamwambia Danford avue glavu.

"Madam, bado ninazo arobaini na moja."

"Ulizimaliza kabla hujafika. Kaa."

Akaingia Clement, mrushaji wa akiba. Wageni wakaipiga mipira yake ikapita juu ya vichwa, mechi ikageuka, tukafungwa. Na hapo sheria yake mwenyewe ikamgeukia. Watu walikuwa wamehesabu naye.

"Sitini zako leo ziko wapi?"

"Kala kwacha huyo, Wazambia wamemhonga!"

Ikaanza chupa. Ikampasua Mwalimu sikio. Yakafuata mawe, halafu watu wakakata kamba ya pembeni na kuingia uwanjani. Clement alipigwa mateke ya mbavu. Mwanamume mmoja akaokota gongo, mwingine akamkamata Danford, akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya benchi. "Si mnasema unauma? Basi tuuvunje, uume kweli."

Tulinagwe akaulalia. Irene anasema hakumkumbatia mtoto, aliukumbatia mkono. Gongo likashuka begani kwake. Likashuka mgongoni. Likashuka tena. Danford alisikia mifupa ya mwalimu wake ikivunjika juu ya mkono wake. Kisha likaja jiwe, likampata juu ya sikio, damu ikatiririka mpaka kwenye zile kucha zenye udongo. Hakuachia. Polisi walipofika, watu wawili ndio waliomfungua vidole.

Jumanne alfajiri akafariki. Katikati alizinduka mara moja tu. Aliuliza, "Kiwiko cha Danford?" Amoni akamjibu, "Kizima, dada." Hakuuliza jingine.

Tulimzika Ileje siku ya Alhamisi. Mama Marita alisimama mbele ya kaburi, khanga imelowa. "Mimi ndiye niliyemwamsha kwenda kutupa madongo," alisema. "Kwangu ilikuwa kuamia ndege tu. Nisameheni." Mama mzazi wa marehemu, Mama Alinanuswe, alimshika mkono, akamkalisha ubavuni kwake.

Amoni akalileta lile koti. Mfuko wa kushoto ulikuwa na punje arobaini na moja. Akampa Danford, kwa mkono wake wa kushoto. Danford akazipokea kwa wa kulia.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Alinanuswe, kwa Amoni, kwa walimu na wanafunzi wake, tunawapa pole kutoka moyoni. Na wewe uliyekuwa uwanjani ukashika jiwe, najua unatusikia. Kituo cha polisi unakijua kilipo. Na sisi tulio na watoto, kabla hujamwambia mwanao aongeze nguvu, muulize kwanza ameamkia kazi gani.

Leo asubuhi nilipita shambani kwa Mama Marita. Ndege walikuwa wametanda. Alikuwa katikati ya ulezi peke yake, anapiga debe kwa mwiko. Nikamuuliza Danford yuko wapi.

"Nimemwacha alale," akasema, akaendelea kupiga.